Mpapai wa nyumbani: kuanzia mbegu mpaka papai la kwanza

Kila msimu maswali ya mpapai ni yale yale. Mti una mwaka na nusu, umenawiri, unatoa maua mengi yanayoning'inia, lakini tunda hakuna. Mwingine ulikuwa mzuri kabisa, masika yakaja, ndani ya siku tatu majani yakalegea na shina likaanguka. Mwingine unazaa, ila mapapai hayana ladha.

Mengi ya hayo huwa yameshaamuliwa siku ya kupanda: mbegu ilitoka kwenye tunda la namna gani, miche mingapi iliwekwa shimoni, na maji ya mvua yanakwenda wapi yakianguka. Ukiyapanga hayo matatu vizuri, kazi inayobaki si kubwa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye uwanja mdogo anayetaka miti miwili, mitatu, si ekari.

Kwanza, hapo ulipo panafaa?

Mpapai ni mti wa joto. Unafanya vizuri zaidi kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,000 hivi: Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Mombasa, Kilifi, Zanzibar. Kwenye mita 1,100 hadi 1,600, kama Kisumu na Arusha, unazaa ila unachelewa, na matunda ya miezi ya baridi hupungua utamu. Njombe na Limuru usijisumbue. Baridi itaudumaza, na ikipiga jalidi ndiyo mwisho wake.

Unahitaji jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Mpapai uliopandwa chini ya mwembe hurefuka ukitafuta mwanga, unakuwa mwembamba, na unazaa vitunda vya kuhesabu.

Dakika mbili za jinsia

Nadharia ni hii tu, lakini usiiruke. Mipapai iko ya aina tatu. Dume hutoa maua bila matunda. Jike huzaa matunda ya mviringo, ila linahitaji chavua, yaani unga wa ua la kiume, kutoka mti mwingine. Halafu kuna mti wa jinsia mbili, ambao una chavua na tunda ndani ya ua moja. Huo unajitosheleza, na matunda yake ni marefu, membamba upande wa kikonyo.

Mbegu za papai la mviringo lililochavushwa na dume hutoa nusu madume, nusu majike. Mbegu za papai refu lililojichavusha lenyewe hutoa theluthi mbili miti ya jinsia mbili na theluthi moja majike, dume hakuna. Papai refu likichavushwa na dume la jirani, madume yatakuwepo tena. Ndiyo maana mbegu ya tunda refu ni bora kuliko ya mviringo, na hata hivyo si hakikisho.

Hakuna anayeweza kutambua jinsia ya mche kwa kuangalia rangi ya mbegu, umbo la mzizi au majani. Utasikia wanaodai wanaweza. Nje ya maabara, kinachosema ukweli ni ua peke yake.

Vitu vya kuandaa

Hesabu hii ni ya mashimo mawili:

- Papai moja lililoiva vizuri mtini, au pakiti ya mbegu kutoka duka la pembejeo
- Viriba (mifuko ya kuoteshea miche) 10 vya upana wa sentimita 10 na urefu wa 15, au chupa za maji za lita moja zilizokatwa shingo na kutobolewa chini
- Udongo wa juu, mchanga wa mto na samadi iliyooza, jumla ndoo moja kwa ajili ya viriba
- Samadi iliyooza au mboji, ndoo 4 za lita 20, kwa ajili ya mashimo
- Jembe, sepeto na kisu kikali
- Nyasi kavu au majani ya mgomba kwa ajili ya matandazo
- Kamba laini na miti ya kuegemezea, kama uwanja wako una upepo

Ukinunua mbegu, Red Lady ni chotara inayopatikana madukani Kenya na Tanzania: inaanza kuzaa ingali fupi na haitoi madume. Bei yake inauma, na mbegu utakazotoa kwenye matunda yake hazitafanana na mama, kwa hiyo usizihifadhi. Sunrise Solo na jamaa zake huzaa matunda madogo ya kama nusu kilo, matamu, na mbegu zake unaweza kuzirudia ikiwa hakuna mipapai ya aina nyingine karibu. Papai la sokoni nalo linafaa, mradi uwe umeona umbo lake na kuonja.

Hatua ya 1: Toa mbegu na uzisafishe

Chagua tunda refu, tamu, lililoiva kabisa. Toa mbegu nyeusi. Za kijivu na nyeupe tupa. Kila mbegu imefunikwa na kifuko chenye ute, na ute huo unazuia mbegu isiote. Weka mbegu kwenye chujio, zisugue kwa mchanga au majivu chini ya maji mpaka vifuko vipasuke na mbegu zibaki bila ute, zenye mikwaruzo. Watu wengi wanaolalamika kwamba mbegu zimekaa mwezi bila kuota wameiruka kazi hii ya dakika tano.

Zitie kwenye maji usiku mzima. Zinazoelea asubuhi ondoa. Zilizozama sia siku hiyo hiyo, au zikaushe kivulini siku mbili tatu uzitunze kwenye bahasha ya karatasi. Usizianike juani.

Hatua ya 2: Sia kwenye viriba

Changanya udongo wa juu sehemu 3, samadi sehemu 1, mchanga sehemu 1. Samadi iwe imeoza kiasi cha kutonuka. Samadi mbichi inaunguza mizizi michanga. Jaza viriba, mwagilia, acha vishuke, kisha ongeza.

Weka mbegu 2 au 3 kila kiriba, kina cha sentimita 1. Funika, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, weka kwenye kivuli chepesi. Mahali pa joto zitaota kati ya siku 10 na 21. Penye ubaridi zinaweza kufika wiki 5, kwa hiyo usichimbue kuangalia.

Kwa nini viriba na si moja kwa moja ardhini? Mzizi wa mpapai haupendi kuguswa. Mche uliong'olewa kitaluni ukiwa uchi hudumaa wiki kadhaa, ukipona. Sababu hiyo hiyo inafanya mche uliojiotea jalalani usiwe na faida kuuhamisha ukishapita urefu wa kiganja.

Miezi ya kusia? Hesabu kurudi nyuma wiki 6 hadi 8 kutoka siku unayotaka kupandikiza. Kwa pwani, kusia Agosti kunakupa miche tayari kwa mvua za vuli mwezi Oktoba. Kupandikiza katikati ya masika makubwa kuna hasara zaidi kuliko faida, hasa penye udongo mzito.

Hatua ya 3: Tunza miche

Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu tu, usiwe tope. Adui mkubwa hapa ni kinyausi: mche ulionyooka jana, leo umelala, na shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Husababishwa na vimelea vya ukungu na huletwa na maji mengi na hewa kidogo. Mche ulioanguka hauponi. Ondoa kiriba chote, punguza maji, tenganisha vilivyobaki ili hewa ipite. Dawa hazisaidii kama unaendelea kumwagilia mara tatu kwa siku.

Miche ikiwa na majani manne ya kweli, bakiza mmoja kwa kiriba. Mwingine ukate kwa mkasi, usiuvute, maana mizizi yao imeshikana. Wiki ya mwisho kabla ya kupandikiza, ondoa kivuli kidogo kidogo ili majani yazoee jua.

Hatua ya 4: Chagua mahali, chimba shimo

Hii hatua fanya wiki 3 au 4 kabla ya miche kuwa tayari.

Subiri mvua inyeshe, au mwaga ndoo tano za maji pale unapofikiria, uangalie. Maji yakisimama zaidi ya saa chache, hapo si pa mpapai. Mizizi yake inahitaji hewa kuliko miti mingi ya matunda. Udongo ukijaa maji siku mbili tu, mti mzima unaweza kufa. Hakuna kosa linaloua mipapai mingi ya nyumbani kama hili, na linatokea hata kwa mti wenye matunda 40.

Kaa mita 2 au zaidi kutoka ukutani, mbali na pale maji ya bati yanapomwagikia, na mbali na karo. Kati ya shimo na shimo acha mita 2 hadi 2.5. Usipande karibu na maboga, matango au matikiti. Yana vidukari vinavyobeba virusi, na virusi vya mpapai havina dawa.

Chimba futi 2 kwa upana, futi 2 kwa kina. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na ndoo 2 za samadi iliyooza, rudisha shimoni, ongeza wa chini kama haukutosha. Mwagilia mara moja kwa wiki ili udongo ushuke.

Ukimaliza, eneo la kupandia liwe juu kuliko uwanja, lisiwe bakuli. Kwenye mchanga wa pwani sentimita 10 zinatosha. Kwenye mfinyanzi tengeneza kichuguu cha sentimita 30 hadi 50 na upana wa mita moja, upande juu yake. Vijishimo vya kuhifadhi maji tunavyovichimba kuzunguka migomba, kwa mpapai ni kaburi.

Hatua ya 5: Pandikiza miche mitatu kila shimo

Miche iwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Mikubwa zaidi haikupi haraka yoyote; inashtuka tu.

1. Fanya kazi jioni, au siku ya mawingu.
2. Mwagilia viriba saa moja kabla.
3. Kwenye shimo moja weka alama tatu za pembetatu, zikiachana sentimita 25 hadi 30.
4. Pasua kiriba kwa wembe pembeni na chini, toa mche na udongo wake wote.
5. Panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Udongo ukipanda juu ya shina, shina linaoza.
6. Shindilia kwa viganja, si kwa mguu.
7. Mwagilia lita 2 kwa mche, simika makuti au matawi upande wa magharibi kwa siku 5 hadi 7.

Miche mitatu inaonekana mingi, na wengi hapa ndipo wanapoionea uchungu samadi, wanapanda mmoja. Ifanye hesabu. Kwa mbegu ya tunda la mviringo, mche mmoja ni nusu kwa nusu kuwa dume. Miche mitatu, uwezekano wa yote kuwa madume ni 1 kati ya 8. Kwa mbegu ya tunda refu lililojichavusha, uwezekano wa kukosa hata mti mmoja wa jinsia mbili kati ya mitatu ni 1 kati ya 27. Gharama yake ni viriba viwili vya ziada.

Kama umenunua chotara isiyotoa madume na huna ugomvi na majike, miche miwili kwa shimo inatosha.

Hatua ya 6: Maji na matandazo

Wiki mbili za mwanzo, lita 2 hadi 3 kwa mche kila baada ya siku moja. Baadaye lita 5 hadi 10, mara mbili kwa wiki. Mti wenye matunda, wakati wa kiangazi, lita 20 mara mbili kwa wiki. Mvua ikinyesha vizuri, acha kabisa. Chokora udongo kwa kidole: kina cha kidole chote kikiwa kikavu, mwagilia, kukiwa na unyevu, subiri kesho.

Maji yazunguke mti umbali wa sentimita 30, yasipige shina. Maji ya kufulia yenye jiki usimwage hapo. Maji ya kisima yenye chumvi, tatizo la kawaida Dar na Mombasa, huunguza kingo za majani. Kama huna mengine, mwagilia mara chache kwa maji mengi badala ya kidogo kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini.

Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 10, ukiacha uwazi wa kiganja kizima kuzunguka shina. Magugu yang'oe kwa mkono. Mizizi ya mpapai iko juu juu, na jembe moja lililoshuka vibaya linafungua mlango wa kuoza.

Hatua ya 7: Mbolea

Mpapai unakula sana kwa sababu hauna mapumziko. Ukishaanza kuzaa unatoa jani, ua na tunda kwa wakati mmoja. Mpe ndoo nusu ya samadi kila baada ya miezi 3, ukiitawanya kwenye duara chini ya ncha za majani, kisha ufunike kwa matandazo.

Ukitumia mbolea ya dukani, NPK 17:17:17 inafaa. Kabla ya maua, gramu 50 kwa mti kila miezi miwili; kisoda (kifuniko cha chupa ya soda) kimoja kilichojaa ni kama gramu 5, kwa hiyo visoda 10. Ukianza kuzaa, gramu 100. Udongo uwe na unyevu kabla na umwagilie baada. Isiguse shina. Urea peke yake itakupa majani makubwa ya kupendeza na maua yanayodondoka.

Hatua ya 8: Subiri maua, kisha kata

Miezi 4 hadi 6 baada ya kupandikiza, aina fupi zitatoa maua. Za kienyeji zinaweza kufika miezi 8. Sasa ndipo unachagua.

*Dume*: kikonyo kirefu kinachoning'inia, mara nyingi nusu mita au zaidi, chenye vitawi na maua madogo membamba mengi. Unalitambua ukiwa barabarani.

*Jike*: ua limekaa karibu na shina, kikonyo kifupi, nene upande wa chini. Petali zake tano zimeachana karibu tangu kitakoni. Likate katikati kwa wembe: utaona kitunda cha mviringo, na hakuna vifuko vya chavua ya njano.

*Jinsia mbili*: kikonyo kifupi pia, lakini ua ni refu, petali zimeungana chini kama mrija. Ndani kuna kitunda chembamba kirefu kilichozungukwa na vifuko vya njano.

Usikate siku ya ua la kwanza. Mti wa jinsia mbili mara nyingi huanza na maua machache yasiyo na kitunda, na mtu mwenye haraka huudhania dume. Angalia kikonyo: kikiwa kifupi, subiri wiki tatu zaidi. Kikonyo kirefu chenye vitawi hakihitaji kusubiriwa.

Bakiza mti mmoja kwa shimo. Kipaumbele ni jinsia mbili, kisha jike. Iliyobaki ikate usawa wa ardhi kwa kisu kikali; kuing'oa kunaharibu mizizi ya unaobaki. Najua mti uliotunzwa miezi sita unauma kukatwa. Ukiiacha mitatu ibanane, utapata miti mitatu mibaya.

Ukibaki na majike matupu, dume moja mahali fulani pa uwanja linahitajika, isipokuwa jirani ana lake. Wakulima huacha dume moja kwa majike kama kumi. Au chavusha mwenyewe: chuma maua ya dume yaliyofunguka asubuhi, paka unga wake juu ya vinyweleo vilivyo katikati ya ua la jike. Jike lisilochavushwa huangusha vitunda vikiwa na ukubwa wa ndimu, au huzaa vichache visivyo na mbegu.

Na lile la kupigilia msumari kwenye dume ili lizae: msumari hauna kazi. Madume mengine hubadilika yenyewe hali ya hewa ikibadilika, yakazaa vitunda vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu, na msumari ukapewa sifa. Unachofanya msumari ni kuingiza uozo.

Hatua ya 9: Punguza na egemeza

Matunda yakiwa na ukubwa wa yai, ondoa yaliyopinda na yanayobanwa na wenzake. Pale yalipotoka matatu kwenye kikonyo kimoja, bakiza moja. Ondoa machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina. Majani ya njano ya chini yakate ukiacha kikonyo cha sentimita 20. Kipande hicho kitadondoka chenyewe bila kuacha kidonda.

Mti wenye matunda 30 juu na mizizi mifupi chini hauwezi kushindana na upepo wa kusi. Simika miti miwili, funga kwa kamba laini au kanga kuukuu, usikaze.

Hatua ya 10: Vuna

Kutoka ua hadi papai kuwa tayari ni kama miezi 5. Kwa hiyo papai la kwanza lipo kati ya miezi 9 na 13 baada ya kupandikiza. Chuma linapoanza michirizi ya njano upande wa ncha. Ishara nyingine: tunda bichi ukilikwaruza hutoa utomvu mweupe mzito, lililokomaa hutoa utomvu mwepesi kama maji.

Likiwa na mchirizi mmoja au miwili litaiva ndani ya siku 4 hadi 6 likiwa limefungwa kwenye gazeti. Lililochumwa likiwa kijani kibichi litalainika tu, utamu hautaongezeka, na hapo ndipo penye asili ya mapapai mengi ya maji maji ya sokoni. Ukiliacha liive lote mtini, popo na ndege watatangulia.

Zungusha tunda kwa mkono au kata kikonyo kwa kisu. Utomvu unawasha ngozi na ni mbaya machoni. Paka mikono mafuta ya kupikia kabla, nawa kwa sabuni baada.

Mambo yakienda kombo

*Maua yanadondoka.* Angalia maji kwanza, kisha mbolea. Mti wa jinsia mbili kwenye joto kali na ukame hugeuza maua yake kuwa ya kidume kwa muda. Ndiyo maana utaona shina lina matunda, halafu pengo tupu, halafu matunda tena. Mwagilia, usiukate.

*Matunda yamekunjamana kama uso wa paka.* Hutokea kwenye miti ya jinsia mbili wakati wa baridi. Yaondoe yakiwa machanga, joto likirudi yatakayofuata yatanyooka. Kama badala yake yana vinundu vinundu na yanavuja utomvu, mti una upungufu wa boroni: tafuta mbolea ya majani yenye boroni duka la pembejeo na ufuate kipimo cha lebo, maana ikizidi ni sumu kwa mti.

*Majani yamelegea yote kwa pamoja, udongo umelowa.* Chokora kitako cha shina. Likiwa laini, jeusi na lina harufu, mizizi imeoza. Ng'oa na usipande mpapai hapo tena. Likiwa bado gumu, chimba mfereji wa kuondoa maji leo hii.

*Vitu vyeupe kama pamba chini ya majani na kwenye matunda.* Hao ni vidung'ata wa mpapai, wadudu wenye asili ya Amerika ya Kati walioingia Afrika Mashariki katika miaka ya 2010. Kata majani yaliyojaa, yafungie kwenye mfuko. Waliobaki wapige kwa maji ya mpira yenye nguvu, kisha nyunyiza sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, chini ya majani, jioni, mara moja kila siku 5 kwa wiki tatu. Zuia sisimizi kupanda mti kwa kuzungushia shina kitambaa chenye grisi. Wao ndio walinzi na wabebaji wa wadudu hawa. Dawa kali za kupuliza zinaua pia wadudu wanaowala, na vidung'ata hurudi wengi zaidi.

*Majani yana madoa madoa ya njano na kufifia, chini kuna utando mwembamba.* Utitiri, hasa wakati wa kiangazi. Maji ya mpira chini ya majani kila baada ya siku mbili husaidia sana.

*Majani machanga yamekuwa membamba kama kamba, yana mabaka ya njano, na matunda yana duara duara.* Ni virusi vya duara. Hakuna tiba. Ng'oa, choma au fukia mbali, kabla vidukari havijapeleka kwenye mti wa pili.

*Mti umedumaa, ukiuvuta mizizi ina vinundu.* Minyoo fundo. Ng'oa, ongeza mboji nyingi, na mpapai mwingine uupande mbali na pale zilipo nyanya na bamia, kwa sababu minyoo hii inakaa humo pia.

*Papai likiiva linapata mashimo meusi yaliyodidimia.* Hiyo ni chule. Huingia tunda likiwa changa na hujitokeza likiiva. Chuma mapema, mchirizi mmoja, ondoa majani makavu mtini, usiache matunda yaliyooza chini.

*Mti umekuwa mrefu, sifikii.* Baada ya miaka 3 au 4 matunda hupungua na kuwa madogo, kwa hiyo usihangaike na ngazi. Shina la mpapai ni tupu ndani na halibebi mtu. Unaweza kulikata kwa msumeno kimo cha mita moja mwanzoni mwa kiangazi na kufunika sehemu iliyokatwa kwa kopo lililopinduliwa, mvua isiingie. Utachipua, bakiza machipukizi mawili. Lakini njia ya uhakika ni kusia viriba vipya mti wa zamani ukifikisha miaka 2, na kupandikiza mita 2 pembeni. Shimo la zamani lipe mahindi kwa mwaka mmoja kwanza.